Mjomba wa Watoto Wawili

Hadia alisema alimwona kwa macho yake mawili, na kama anadanganya basi asiuze mandazi tena maisha yake yote. Kwa maneno yake, Walubengo alikuwa Soko la Toi asubuhi hiyo, upande wa mablanketi, akivuta blanketi jekundu huku na huku kama mtu anayejaribu kamba ya ng'ombe. Hadia akamwita, "Wewe fundi, unaoa ama unahama?" Walubengo hakucheka. Akasema anasafiri jioni, anaenda nyumbani Kimilili, na hayo maneno ya figo ameyaacha hapa hapa Nairobi, wenyewe wayabebe.

"Alisema hivyo, Mama Ramzy? Wayabebe?" Nelima akamuuliza Hadia.

"Wayabebe. Ama wabaki nayo. Lakini maana ni moja."

Nelima alikuwa amepanga mlango wa pili kutoka kwa Hadia, pale Makina, tangu mwanawe Valentine akiwa mtoto wa mgongoni. Alimjua: mwenye roho safi, wa kwanza kubisha hodi ukiugua, lakini habari ikipita mkononi mwake haitoki bila kutiwa chumvi. Siku nyingine angemcheka. Siku hiyo aliketi juu ya ndoo ya maji.

Alikuwa na sababu. Saa tatu nesi wa hospitali alikuwa amepiga simu. Kesho asubuhi na mapema, mtoto na mjomba wake waje pamoja watolewe damu, ipimwe upya kama inapatana, kwa sababu ile ya kwanza imezeeka. Ikipatana, Jumatatu wote wawili wanaingia chumba cha upasuaji. "Msipokuja, nafasi tunampa mtoto mwingine," nesi alisema, wala si kwa ubaya. "Na kwa kweli, mama, sijui ingine itakuja lini." Tangu hapo Nelima alikuwa akimpigia Walubengo, ndugu yake, na kila mara ni ile sauti ya mwanamke ikimwambia mteja hapatikani.

Nyuma ya pazia Valentine alikuwa anakunywa maji. Kikombe chake kilikuwa kifuniko cha chupa ya soda. Alikijaza, akayashika maji mdomoni muda mrefu, akayameza kidogo kidogo kama mtu anayefyonza peremende. Miaka tisa alikuwa nayo, ingawa wageni walidhani sita. Figo zake zilikuwa zimekufa, na maji yakizidi hayana pa kutokea, yanapanda mapafuni. Mashine ya hospitali ndiyo iliyomsafisha damu, kupitia mpira. Mpira huo ulianza shingoni kulia, ukaziba. Ukahamishiwa kushoto, pakatunga usaha. Sasa ulikuwa pajani, na daktari alikuwa amemvuta Nelima kando akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mishipa ya kuwekea mpira inaisha. Hakusema ikiisha itakuwaje.

Alipiga magoti, akabonyeza muundi wa mtoto kwa kidole gumba, kama alivyofanya kila siku kabla hata ya salamu. Akaondoa kidole. Shimo likabaki pale pale, halirudi.

"Liko?" Valentine akauliza.

"Dogo."

"Jana pia ulisema dogo."

Hadia alikuwa amesimama mlangoni, mtandio begani. "Enda Kawangware, kibandani kwake. Mimi nitakaa naye. Mtu amezima simu hapigiwi, anafuatwa."

"Usimpe supu."

"Sitampa."

"Wala ndizi, Mama Ramzy. Kwake ni sumu."

"Ai! Ndizi moja tu, mwaka jana. Utanizika nayo?"

Nelima alichukua boda, wakapenya Ayany, wakatokea Ngong Road. Njia nzima hakuona kitu. Angalikuwa anaogopa chumvi ya Hadia tu, angalipumua. Kilichomkaba ni kwamba hiyo habari, ukiifuta chumvi yote, bado ilisimama.

Mwaka huu ulikuwa wa tohara. Wabukusu hawatahiri kila mwaka. Wanaruka mmoja, na ukifika, ni mwezi wa nane. Kijana akipitwa na msimu anangoja miaka miwili, wenzake wakimwita mtoto. Naftaly, kijana wa dada yao mkubwa Nabalayo, ilikuwa zamu yake. Na kijana haendi kwa kisu hivi hivi. Lazima kwanza apige njuga hadi kwa khocha, ndugu wa mama yake, achinjiwe ng'ombe, na khocha mwenyewe, kwa mkono wake, amvalishe shingoni ukanda wa nyama ya kidari. Binamu hafai. Rafiki hafai. Na Nabalayo na Nelima walikuwa na ndugu mmoja tu.

Si kwamba hawakuliona hilo. Walubengo alipokubali kutoa figo, baada ya ile ya Nelima kukataliwa kwa ajili ya presha, alipiga hesabu mwenyewe: apasuliwe mwezi wa pili, apone, mwezi wa nane awe nyumbani na nguvu zake. Mwezi wa pili madaktari wakagoma. Mwezi wa nne alilazwa kabisa, akavalishwa lile gauni la kufungwa mgongoni, halafu wakaletwa watu wa ajali, vitanda vya wagonjwa mahututi vikajaa. Baada ya hapo ikawa wiki ijayo, wiki ijayo, mpaka maneno yenyewe yakawa kama salamu. Na hizo wiki ijayo zikatambaa polepole hadi Agosti.

Kibanda cha Walubengo cha kuchomelea vyuma kilikuwa kando ya barabara, Kawangware, katikati ya muuza mbao na kinyozi. Alikuwa ameinamia geti la watu, miwani kwenye paji la uso. Nyuma yake, kwenye msumari, ulining'inia mfuko, na ndani ya mfuko, blanketi jekundu.

Basi blanketi lilikuwa la kweli, zawadi ya khocha kwa kijana.

"Niaje, Neli," akasema, hakushtuka hata. "Nani amebaki na Vale?"

"Hadia."

"Ah. Kumbe nimeshahukumiwa."

"Simu yako iko wapi?"

"Imelala. Nabalayo anapiga, mzee anapiga, mzee akichoka anampa jirani apige. Kutoka asubuhi! Wakiniona hapo kesho asubuhi watanyamaza."

"Hospitali pia wamepiga."

Akainua kichwa. "Wiki ijayo?"

"Kesho."

Walubengo alicheka, kicheko kikakatika katikati. "Kesho. Miezi sita yote hawakuona siku. Jumamosi Naftaly anafika kwetu na njuga zake, watu nyuma yake wakiimba. Aambiwe nini? Khocha yako amekosekana?"

"Naftaly anaweza kungoja, Walu."

"Unamwambia wewe ama nimwambie mimi?"

"Nitamwambia mimi. Nitapigia Nabalayo saa hii. Anitukane, sawa. Lakini Vale hawezi..." Akautazama ule mfuko. "Hadia anasema umeacha maneno ya figo."

"Sikusema nimeacha. Nilisema nimechoka nayo."

Alivua glavu moja, akaikung'uta gotini ingawa haikuwa na kitu. Kinyozi alikuwa anacheka na mteja wake, redio ikipiga kelele, na Walubengo akashusha sauti hadi Nelima akalazimika kusogea.

"Nikuambie ukweli? Mara ya kwanza sikuwa naogopa. Wangenikata hata na hii grainda. Mwezi wa nne, kwa kile kitanda, niliogopa, lakini nilikuwa nimeshalala, unaona, mtu akishalala amelala. Halafu daktari akaniambia vaa nguo uende. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Mtoto wa dada yangu amerudishwa kwa mashine, na mimi niko hapo nje ya hospitali nanunua chipsi. Nilikula nikicheka peke yangu." Akajishika kiunoni, upande wa kushoto. "Tangu siku hiyo nikiingia kitandani nashika hapa. Nahakikisha iko. Chuma ukikiacha nje kinashika kutu, Neli. Sembuse roho."

Hapo ndipo Nelima aliogopa kweli. Tohara alikuwa tayari kupambana nayo. Angemlilia dada yake, angepiga magoti mbele ya baba yao kwa simu, angebeba lawama ya ukoo mzima hadi kaburini. Lakini alimtazama ndugu yake, namna asivyoliangalia lile blanketi hata mara moja, akaelewa kuwa Naftaly alikuwa amempa tu mlango. Walubengo mwenyewe ndiye aliyekuwa akitafuta pa kutokea. Na hofu ya mtu haina namba ya kupigia.

"Na nikitoa hiyo damu kesho," Walubengo akauliza, "wananiachilia niende nyumbani, nirudi Jumapili?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Nelima, mtamu kabisa. Ndiyo, wanakuachilia. Angemfikisha hospitalini kwanza, mengine yajipange. Lakini huyu aliwahi kuachiliwa mara moja na watu waliomwambia uongo wa wiki ijayo, na ndiyo hii kutu.

"Hapana. Unalazwa pale pale."

Walubengo akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Akavaa glavu.

Simu ya Nelima ikalia. Namba ya Hadia. Akabonyeza, akaiweka kwa sauti ya juu bila kukusudia.

"Si kubaya," Hadia akawahi kusema. "Ni huyu mtoto wako, anataka simu. Nimemwambia asiongee, ananikatalia."

Kukasikika mkwaruzo, kisha pumzi. Ilikuja fupi fupi, ikisimama kati ya maneno kama mtu anayepanda ngazi.

"Mama. Umempata mjomba?"

"Yuko hapa."

"Ananisikia?"

Nelima alimsogezea simu. Walubengo hakuipokea, lakini hakurudi nyuma. Kando ya shingo yake mshipa ulikuwa unapiga.

"Mjomba," Valentine akasema. "Habari ya blanketi nimesikia. Mpe Naftaly, ni lake." Pumzi. "Mimi leo nimekunywa vifuniko vitano tu. Kesho nitakunywa vitatu." Pumzi nyingine, ndefu, yenye mlio kama wa birika linalochemka mbali. "Utakuja kesho tutolewe damu?"

Walubengo aliokota waya wake wa kuchomelea, akashusha kinyago usoni. Geti lilikuwa bado na ungio moja. Mwanga wa buluu ukaruka, cheche zikamwagika miguuni, na Nelima, kama kila mtu anayejua macho ni mawili, akageuza uso ukutani. Hapo kwenye mabati kivuli cha mfuko wa blanketi kilikuwa kinatetemeka.

Alibaki na simu mkono umenyooka, upande wa cheche.

"Mjomba?" simu ikasema. "Kuna kelele. Umesema nini?"