Nyumba Zinazomtunza Constantine

Siku Constantine alipoacha kuja nyumbani ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa tano, na mke wake Nyamizi alikuwa ameshamchemshia maji ya kunyolea. Constantine alikuwa amekufa miaka miwili na miezi mitatu kabla ya hapo, lakini ndevu zake ziliendelea kuota, kwa hiyo kila Alhamisi asubuhi Nyamizi alimwekea beseni, wembe na kioo barazani, kwenye nyumba yao ya Somanda, Bariadi mjini. Siku hiyo maji yalipoa. Akayachemsha tena. Yalipopoa mara ya tatu akayafulia soksi za shule za binti yao Lucy, akafunga mlango, akaenda kwa Muzdalifa.

Muzdalifa alikuwa binti fundi simu mwenye kibanda karibu na soko. Alisomea kompyuta Mwanza, akarudi kwao. Ndiye aliyemfundisha Constantine kuweka video mtandaoni, enzi hizo Constantine akiwa bwana shamba. Zilikuwa video mia mbili na kumi na nne. Katika zote alisimama shambani na kofia yake, akaeleza mambo ya pamba kwa Kisukuma na Kiswahili: nafasi kati ya shina na shina, namna ya kumtambua funza wa vitumba kabla hajaingia ndani, namna ya kushika bomba ili upepo usikurudishie dawa usoni. Alipokufa, wakulima waliendelea kumtazama, na kwa kuwa waliendelea kumtazama, aliendelea kuwepo. Asubuhi alikuwa kwa mke wake. Jumapili alipita Sapiwi kumsalimia mama yake. Watu waliona ni jambo jema na hawakulizungumza sana.

"Hajaja," Nyamizi alisema.

Muzdalifa aliweka chini bisibisi, akatafuta kwenye simu yake, akatafuta tena.

"Wamemfuta, Mama Lucy. Ukurasa wote."

"Nani kamfuta?"

"Wenye mtandao. Wameandika kwamba amevunja kanuni za jumuiya."

"Jumuiya ipi?"

Muzdalifa akasoma upya kwa makini. "Hapo hawajasema."

Aliandika rufaa. Jibu lilikuja baada ya dakika kumi na moja: wamepitia, uamuzi haujabadilika. Akaandika ya pili, jibu likaja baada ya dakika nne, maneno yale yale. Rufaa ya nne ilijibiwa kabla hajaituma. Hapo akaacha kuandika. Lakini katika kusoma majibu hayo alikuta jina la mlalamikaji. Alikuwa muuza dawa za kilimo, mwenye duka kwenye gulio moja la wilayani. Katika video ya mia moja tisini na nane, Constantine alinunua chupa ya dawa ya funza kwenye duka hilo, akaimimina kwenye glasi ya maji, akasubiri. Dawa ya kweli ikiingia kwenye maji inageuka nyeupe kama maziwa. Hii ilibaki maji. Hakumtukana mtu. Alisema tu, "Mnaona wenyewe."

"Video zenyewe ninazo," Muzdalifa alisema. Alivuta droo, akaonyesha diski iliyolala chini ya trei la skrubu. "Shida ni pa kumweka. Nikimrudisha kwao, watamfuta tena."

Alieleza kuwa kuna watu wa nchi za mbali, hata hawajui sura, walioandika programu ya namna nyingine na kuitoa bure. Humo video hazikai kwenye jengo la tajiri mmoja. Zinakaa kwenye nyumba za watu wengi, na kila nyumba inampa jirani anayetaka kutazama. Hakuna mwenye ufunguo wa kuzifunga zote. Ila programu ilikuwa nzito kwa simu za Simiyu na kwa bando za Simiyu, lazima aipunguze, aiandike upya mahali pengi. Ingechukua miezi. Zingehitajika simu chakavu za kumhifadhia, sola, na mtu wa kukaa kibandani wakati yeye anaandika.

Wiki iliyofuata wakapanda bodaboda hadi Sapiwi kumweleza mama mkwe.

Mektilda alikuwa amekaa juu ya gunia akichambua pamba. Jumapili iliyopita alikuwa amesubiri hadi jua likazama. Alimsikiliza Muzdalifa hadi mwisho, mikono ikiendelea na kazi.

"Huyu binti kasema seva mara saba," alimwambia Nyamizi. "Nilidhani anapiga chafya. Kumbe mnataka kumbilisa mwanangu."

Kubilisa ni jambo ambalo kila mwenye ng'ombe huko analijua. Mtu hawalazi wote kwenye zizi lake. Watatu huwapeleka kwa fulani, watano kwa fulani, ili ugonjwa au wezi wakija wasimalize kundi lote. Anayewatunza hunywa maziwa. Ng'ombe akifa, humletea mwenyewe ngozi, ajue kuwa hakuuzwa.

"Ndivyo, mayu," Nyamizi alisema, kwa kuwa ndivyo alivyomwita, kama mama aliyemzaa.

"Sasa si mngesema hivyo tangu pale mlangoni."

Baada ya Mektilda kulisema kanisani, halikuhitaji tena kuelezwa. Kila nyumba ya wakulima Sapiwi ilijaza ndoo moja ya pamba, chama cha msingi kikaipima peke yake, na pamba ile ikageuka kuwa sola na betri. Waliokuwa na simu zilizopasuka walizileta zimefungwa kwenye vitambaa. Mzee Hamimu, baba yake Muzdalifa, muuza mabati, aliwaachia vijana duka lake akakaa kwenye kibanda cha mwanawe miezi saba akibandika protekta zenye mapovu, na wateja walimvumilia. Yule wa nchi ya mbali aliyeandika sehemu ngumu kuliko zote alijibu maswali ya Muzdalifa kila siku, hakudai kitu, akauliza tu pamba inaendeleaje.

Alikuja pia mtu kutoka Mwanza mwenye viatu vilivyochongoka, akasema kampuni moja ya kubashiri mechi iko tayari kulipia kila kitu. Sharti lilikuwa moja: Constantine akitokea, kwanza aitaje kampuni kwa nusu dakika.

"Kabla ya kunisalimia?" Mektilda aliuliza.

"Nusu dakika tu, mama."

"Mimi nilimzaa siku mbili. Kunywa maji yako, baba, uende salama."

Ilipofika wakati wa kugawa, ilionekana hakuna simu moja inayoweza kumbeba Constantine mzima. Muzdalifa akasema itabidi akae vipande vipande, na Mektilda, ambaye alikuwa amesimamia ugawaji wa nyama kwenye harusi nyingi kuliko alizozikumbuka, akaichukua kazi hiyo. Sauti alimpa Paschal wa Nkololo, kwa sababu Paschal ana ng'ombe wengi na watoto wasiosikia. Mikono ilikwenda Nassa kwa Ngeleja. Nyamizi alipewa kofia, mabega na mwendo.

"Uso unabaki kwangu," Mektilda alisema. "Nimeuzaa mimi."

Mbele za watu Nyamizi asingeweza kumbishia mama mkwe. Akasema asante, akachukua simu yake.

Wiki ile ile nyumba zilianza kupata maziwa yake. Kwa Paschal sauti iliamka alfajiri, ikatoa salamu ya asubuhi, "Mwangaluka," ikawahimiza watoto kwenda kuteka maji na ikawaita ng'ombe kila mmoja kwa jina. Ng'ombe waliitii kuliko walivyomtii Paschal. Nassa, mikono ilichambua dagaa pamoja na mke wa Ngeleja. Mke wa Ngeleja hakuwa na malalamiko, alisema tu kwamba inachambua polepole, kama mikono ya mtu aliyesoma.

Somanda, kofia na mabega viliingia uani saa moja kasoro, vikazunguka nyumba kukagua bustani ya mchicha, vikaja kukaa kwenye benchi. Nyamizi alikaa pembeni. Mabega aliyajua, hata alijua ni lipi lilikuwa likimuuma wakati wa baridi. Alishukuru kwa hayo, na alishukuru kwa kweli. Lakini chini ya kofia hapakuwa na kitu, na Alhamisi ilipofika hapakuwa na cha kunyoa. Alimwomba Muzdalifa aende kuongea na mama mkwe.

"Mama, huyu si ng'ombe," Muzdalifa alimwambia Mektilda huko Sapiwi. "Ukimpa Mama Lucy uso, wa kwako unabaki pale pale."

"Nimefuga miaka hamsini. Sijaona ng'ombe aliyelala kwenye mazizi mawili usiku mmoja."

"Ndiyo maana nasema si ng'ombe."

"Mwaka jana mlisema ni kubilisa, nikawatolea ndoo ya pamba. Leo si kubilisa. Kesho mtasema si mwanangu."

Muzdalifa alirudi Bariadi peke yake.

Wiki sita zikapita. Jumanne moja, mvua ikinyesha, bodaboda ilisimama mbele ya nyumba ya Nyamizi na Mektilda akashuka, amelowa kabisa isipokuwa simu, ambayo ilikuwa imeviringishwa kwenye khanga mbili na mfuko wa sukari. Nyamizi alimpokea, akampa kiti na khanga kavu. Mama mkwe alikaa, akaipakata simu.

"Ananitazama tu," alisema. "Mdomo unatembea. Najua anasema mayu, naona kabisa, lakini sisikii. Nasema naye, naye anasema nami, kila mtu kivyake." Akaifungua khanga. "Na wewe umekaa na nini huku?"

"Mabega, mayu. Na kofia."

"Mabega hayo ni ya baba yake." Alitazama uani, mahali kofia ilipokuwa ikikagua mchicha kwenye mvua. "Alikuwa anatembea hivyo tangu mtoto. Kama mtu aliyesahau kitu nyuma."

"Bado anatembea hivyo."

"Naona."

Wakaenda kibandani pamoja. Mzee Hamimu aliwapisha. Mektilda aliiweka simu juu ya meza, lakini hakuiachia.

"Mpe huyu uso," alimwambia Muzdalifa. "Ukipungua, nitajua."

Muzdalifa akabonyeza. Mstari mdogo wa kijani ulitembea kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, na wote wanne wakautazama. Ulipofika mwisho, uso ulikuwa kwenye simu ya Nyamizi, na kovu lake dogo juu ya nyusi. Mektilda aliinua simu yake. Aliuchunguza uso upande wa kulia, akaugeuza, akauchunguza wa kushoto, kama anavyochunguzwa ndama mnadani. Akaangalia mpaka kope.

"Haukupungua," alisema.

"Haukupungua, mama."

"Hata kidogo." Akaiweka simu mezani. "Basi wape wote. Na wao watupe walivyo navyo. Kwa nini tulikaa hivi wiki sita?"

Muzdalifa alikuwa ameshaanza kubonyeza. Kabla ya magharibi kila kipande kilikuwa kwenye nyumba tatu, na mwisho wa wiki kwenye nyumba tisa; kilichokosekana kwenye simu moja kiliazimwa kwa jirani. Usiku wa Jumanne ile Mektilda alilala Somanda. Asubuhi yake Constantine aliingia uani mzima, na mikono na sauti, akavua kofia.

"Mwangaluka, mayu," alisema.

"Mwangaluka," Mektilda alijibu. Akamtazama juu hadi chini. "Umekonda. Na hizo ndevu vipi, mke wako hayupo?"

Nyamizi akaenda kuteleka maji.

Sasa nyumba zinazomtunza ni thelathini na moja, kutoka Nkololo hadi ufukweni Nassa. Jua likikosekana kwenye nyumba moja, nyingine inamtoa. Sheria ya ngozi ilibaki: simu ikifa, aliyekuwa nayo huileta kibandani mwenyewe na kueleza ilivyokufa, na kutoka kwenye maiti hizo Muzdalifa hupata vioo na betri za kufufua nyingine. Wanawake wa kikundi cha mpunga wameshaanza kuweka humo video zao wakiwa hai, wasingoje. Nyamizi huwaombea wote kwa majina kila Jumapili, wa hapa na yule wa mbali, na misa ikiwa ndefu padri humwangalia mara mbili.

Akaunti ya zamani haijarudishwa. Barua ambayo Nyamizi aliiandikia serikali kuishtaki dawa ile bandia ilipokelewa kwenye ofisi mbili na kugongwa mihuri miwili. Duka liko wazi, na chupa zimebadilishwa lebo. Kila siku ya gulio Constantine husimama mlangoni pake na glasi ya maji, akanunua chupa, akaimimina, akasubiri pamoja na watu. Mwenye duka humsalimia na kumwomba asogee kidogo asizuie njia, naye husogea. Wakulima humsikiliza hadi mwisho, wanaona wenyewe, wanamshukuru. Kisha wanaingia ndani kununua, kwa sababu funza hawasubiri na gulio lile halina duka lingine la dawa. Nyamizi hukaa kwenye kivuli cha mabati ng'ambo ya pili hadi mume wake amalize, halafu wanarudi nyumbani.