Zamu ya Vinod

Mwaka ule wa mgao wa umeme, mtaa wetu wa Shinyanga ulikuwa na jenereta tano za maduka, kila moja ikilia kivyake kama mbuzi wa mnadani. Mimi ndiye niliyeziunganisha. Naitwa Ngassa, fundi umeme, na wakati huo nilijiona mjanja kupindukia.

Dada yangu Justa alikuwa amejifungua mtoto njiti, mimba ikiwa ya miezi saba tu, mumewe akiwa machimboni Geita. Tulimwita mtoto Mihayo. Zahanati ilimlaza kwenye sanduku la mbao lenye balbu nne za kumpa joto, lakini jenereta ya zahanati ilikuwa imeungua. Nikavuta waya kutoka maduka yote matano hadi kwenye swichi moja, nikaandika zamu kwa chaki mlangoni. Sharti lilikuwa moja tu: usizime yako kabla hujasikia ya mwenzako imewaka. Nilifikiria kuishiwa mafuta, nikafikiria mashine kuharibika, hata mwenye duka kusafiri. Siku kumi na moja balbu hazikuzimika, na Mihayo akaanza kunyonya.

Siku ya kumi na mbili Hozefa, mwenye duka la vyuma, alifiwa na baba yake. Kwetu jeneza likipita mtaani, maduka hufungwa na mashine hunyamazishwa. Hakuna anayelazimishwa, ni heshima tu. Mchana, mvua ikinyesha, nilipita duka kwa duka nikihimiza watu wafunge. Zamu ilikuwa ya Vinod wa duka la vitambaa, naye alikwisha kwenda msibani, ufunguo akiniachia mimi. Nikazima jenereta yake kwa mkono wangu huu, nikafunga duka kwa kufuli. Niliwaza, jeneza likishapita tu nitaiwasha.

Jeneza lilipofika, Hozefa aliniona, akaniita nami nibebe. Kati ya mafundi wote wa mji, mimi! Niliweka bega. Mwingine aliponipokea jeneza nilikuwa katikati ya umati, nikaona aibu kurudi nyuma. Nilitembea hadi makaburini, na sitadanganya, nilijisikia mtu mkubwa. Nilikumbuka wakati wa kutupia udongo.

Nilikimbia hadi zahanati. Nesi Bhoke alikuwa amekaa sakafuni, mtoto amemfunga kifuani kwake kwa khanga mbili, maana Justa alikuwa akitetemeka kwa homa. Alikuwa ametuma watu madukani, wakakuta makufuli matano. Nilikwenda mbio dukani kwa Vinod nikawasha jenereta, balbu zikawaka. Mihayo alikufa kabla ya magharibi.

Nilimwambia Justa ukweli wote, kwamba aliyezima ni mimi. Aligeukia ukuta. Afadhali angenitukana.

Asubuhi tulitoka na kijeneza kidogo nilichokipigilia mwenyewe. Mtaa mzima ulisimama barazani. Vinod akafunga mlango wake. Hozefa, ambaye hata matanga ya baba yake yalikuwa hayajaisha, aliinama kwenye mashine yake, iliyokuwa kwenye zamu, ainyamazishe kwa heshima ya mwanetu. Justa, aliyekuwa ameshikwa na Bhoke, akasimama.

"Kaka, mwambie asizime," alisema.

Nilimjibu kwamba wanamheshimu Mihayo.

"Kuna mtoto wa mwenzangu kwenye lile sanduku. Ameletwa alfajiri."

Hozefa alisikia. Aliondoa mkono, akavuta kigoda akaketi kando ya jenereta.

"Nenda ukazike, fundi," aliniambia. "Mimi sitoki hapa."

Tukapita mbele yake na kijeneza, na mashine ikiunguruma. Mpaka leo nikiulizwa mwanetu alizikwaje, nasema alizikwa na kelele. Watu wa mbali huona tulimdharau. Justa hajawahi kunisemesha habari ya siku ile, lakini kila mwaka, tarehe ile, huja dukani kwangu, akaniuliza kama waya za zahanati bado nzima. Namwambia nzima. Kisha huenda kuzitazama mwenyewe.