Uwanja Alioufagia Mama

Nilipomaliza kujenga pale Mlowo niliingiwa na wazimu wa nyasi. Kazi yangu ni kushughulikia karatasi za malori pale mpakani Tunduma, na dereva mmoja Mzambia alinionyesha kwenye simu picha za nyumba yake: kijani kitupu kutoka getini hadi mlangoni. Nikasema na mimi lazima. Mke wangu Imelda akanicheka.

“Umekulia kwenye kupalilia kahawa, leo unapanda majani?”

Nikajifunza. Niliangalia video mpaka bando likaisha. Nikanunua viroba vitatu vya ukoka kwa Osea, fundi wa bustani, akanielekeza kukata vipande, kuvipanda kwa mistari, kumwagilia asubuhi na jioni. Kila Jumamosi nilikuwa nimepiga magoti kwenye udongo. Mgongo uliniuma, lakini kijani kilipoanza kushikana nilijiona mtu. Nikirudi kutoka kazini nilikuwa nauangalia ukoka kwanza, ndipo naingia kumsalimia mke wangu. Ndivyo nilivyokuwa, sijifichi.

Mwezi wa tano nikamleta mama kutoka Isansa. Baba alishafariki, na nilitaka ahamie kwetu moja kwa moja. Alikuwa mgumu. Alisema atakaa wiki mbili kwanza, akiona panamfaa atabaki. Alikuja na kuku wawili, maharage na jembe lake.

Kule Isansa uwanja wa nyumba ni udongo mtupu, unafagiliwa alfajiri. Nyasi zikifika mlangoni, watu wanasema humo ndani kuna mgonjwa, au mke ni mvivu. Mimi nimekulia huko, nayajua haya yote. Lakini sikumwambia mama hata neno moja kuhusu bustani yangu. Nilidhani ataona mwenyewe kwamba ni nzuri.

Siku ya nne narudi jioni, Imelda bado yuko dukani kwake, nakuta uwanja mwekundu. Umelimwa wote, umefagiliwa, ukoka umerundikwa kando ya ukuta. Mama amesimama mlangoni, kachoka, anatabasamu.

“Umeona, baba? Imelda anachoka na duka. Nikasema nimsaidie kabla majirani hawajamsema.”

“Nani alikutuma?” Nilifoka kama ninavyowafokea matingo wa malori. “Miezi miwili nahangaika, wewe unakuja kuharibu! Kama kitu hukijui, mama, kaa utulie! Hapa si Isansa!”

Jirani yetu Fides, aliyekuwa anaanua nguo, aliingia ndani haraka akaacha nusu kwenye kamba. Laiti mama angenijibu, hata angenitukana. Alikwenda kwenye lile rundo, akachukua kipande kimoja, akakichomeka ardhini kwa kidole. Kisha kingine. Imelda aliporudi alimkuta bado ameinama, akaweka mkoba chini, akaanza kupanda naye. Mimi nilikuwa ndani nakula. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilikuwa ndani nakula.

Asubuhi mama alisema anarudi kuangalia kahawa yake. Kahawa yenyewe ilikuwa bado haijaiva. Nilimsindikiza stendi na sikumwomba msamaha, kwa sababu nilikuwa bado na hasira za nyasi.

Jumapili Osea akapita, nikamweleza hasara yangu. Alichukua kipande kilichonyauka, akakigeuzageuza, akacheka.

“Bosi, ukoka haufi kirahisi hivyo. Mwagilia tu, wiki tatu utaona.”

Kweli, ukoka ulirudi, ukawa mzuri kuliko mwanzo. Kila nilipoumwagilia niliona aibu. Nilikuwa nimejifunza kuupanda na kuutunza, lakini sikuwa nimejua hata kwamba ungeota tena.

Nilikwenda Isansa nikapiga magoti mbele ya mama. “Yalishaisha, baba,” alisema, akanipikia. Nikamwomba aje Krismasi, akakubali bila maneno mengi.

Desemba alikuja na mfuko mdogo tu. Getini akasimama, akavua viatu, akavishika mkononi.

“Nipite wapi, baba?”

“Popote, mama. Pita popote.”

Alipita pembeni, akiambaa na ukuta mpaka mlangoni, akakaa kwenye kiti nilichomwonyesha. Mama yangu, ambaye kwake jua halijawahi kumkuta kitandani, asubuhi yake nilimsikia akikohoa chumbani, yuko macho, anasubiri aambiwe atoke. Sikuvumilia. Nilichukua ufagio, nikagonga mlango wake, nikampa.

“Mama, tafadhali. Fagia. Ukitaka, lima uwanja wote.”

Aliupokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kisha akauegemeza ukutani taratibu.

“Hapana, baba. Mimi hapa mgeni. Nitafagia kwangu nikirudi.”