Shemeji Atetea Nyangumi

Mwalimu wa bayolojia alikuwa amemwoa dada wa mwalimu wa dini, na wote wawili walifundisha katika shule ambayo mwanamke huyo ndiye mkuu wake. Tangu mashemeji hao walipotazama filamu ya nyangumi sebuleni, hapakukalika. Mmoja alishikilia kwamba nyangumi ametokana na mnyama wa nchi kavu mwenye miguu minne. Mwingine akasema nyangumi aliumbwa nyangumi, na anayebisha akamuulize Muumba. Walibishana wakisahihisha mitihani, wakabishana mezani, wakabishana hata kwenye msiba wa jirani, mpaka wafiwa wakawaomba wapunguze sauti.

Mwalimu mkuu akachoka. Akatangaza mdahalo mbele ya wanafunzi: je, mageuko ndiyo yaliyowafanya wanyama wa baharini wanaonyonyesha wawe walivyo? Mashemeji wakachekelea. Ndipo akaongeza kwamba kila mmoja atatetea upande wa mwenzake.

"Mke wangu, hilo haliwezekani," mwalimu wa bayolojia alimwambia nyumbani.

"Hapa ni mke wako. Kule ni mkuu wako, na tangazo nimeshabandika."

Mume akaapa moyoni kwamba atashindwa kwa makusudi. Lakini aliposimama ukumbini, utamu wa maneno ukamzidi. Akamsifu pomboo: tundu la pumzi juu ya kichwa, mafuta chini ya ngozi ya kuzuia baridi, mwili laini kama uliopigwa msasa. Nani, aliuliza, huona mlango akasema umeota wenyewe ukutani? Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Alipowaona wanafunzi wake mwenyewe wakitikisa vichwa kukubali, raha ikamwingia pamoja na aibu.

Ikafika zamu ya shemeji. Alikuwa amesoma hasa. Akaeleza kwamba nyangumi anavuta hewa kwa mapafu, na kwamba ndani ya pezi lake mna mifupa ya vidole kama mkono ndani ya glovu. Mwalimu wa bayolojia akamsikiliza kama mzazi anayemsikia mwanawe akisoma shairi. Kisha shemeji akasema ndugu wa karibu wa nyangumi ni sili, yule mnyama wa baharini mwenye manyoya.

Mwalimu wa bayolojia akajikaza kitini. Shemeji akarudia.

"Ni kiboko, shemeji," akasema, tayari amesimama. "Sili ni wa ukoo wa mbwa na dubu. Na umesahau nyonga. Nyangumi hana miguu ya nyuma, lakini mifupa ya nyonga anayo mwilini. Hiyo ndiyo hoja yenyewe, waambie."

Shemeji akamshukuru kwa adabu, akawatangazia wasikilizaji kwamba mpinzani amemmalizia hotuba. Kura zikapigwa katikati ya vicheko, na shemeji akashinda kwa mbali. Ulimi wa mwalimu wa bayolojia ulikuwa umemponza mwenyewe.

Njiani mshindi hakuwa na furaha.

"Hiyo mifupa ya nyonga, una hakika nayo?"

"Ninayo."

"Basi imenikosesha raha, shemeji."

Mwalimu wa bayolojia naye akakiri kwamba alipokuwa akimsifu pomboo mwili ulimsisimka, asijue amshukuru nani. Wakaenda kimya hadi nyumbani, na mwalimu mkuu akadhani amepata amani.

Amani ikadumu mpaka chai ilipomiminwa. Sasa kila mmoja alizijua hoja za pande zote mbili, na wakichoka walibadilishana upande na kuanza upya. Mwalimu mkuu akachukua kikombe chake, akaenda kunywea kwa jirani.