Mawese Kwenye Sensa

...basi waliokuwapo ni fundi Selestini aliyelala chali chini ya gari, Anatoli mume wake aliyeinamia boneti, mtoto Recho anayesinzia mgongoni, na yeye Winfrida aliyembeba, hakuna mwingine wa kulisema jambo hili, Recho mwenyewe hajaanza kusema, na fundi anaita tena kutoka chini, "Kiberiti jamani! Sensa ya moshi imeng'ang'ana, bila kuipasha moto haitoki," na Anatoli anajipapasa mifuko, suruali, shati, suruali tena, "Si kilikuwa hapa hapa?"... jana hakutaja moto, jana alisema ataleta dawa ya kulegeza, leo amekuja na mtungi wa gesi, angejuaje yeye... kidude chenyewe kidogo, cha kunusa moshi tu, lakini waliokitengeneza wamekificha nyuma ya injini, spana haiingii, mkono wa mwanamume hauingii, wake unaingia, ndiyo maana alfajiri Anatoli akioga alikwenda na kikombe cha mawese na kijiko cha dawa cha Recho, akamimina, kijiko cha nane akachoka akamwaga kikombe chote, yakatiririka kusikoonekana, mawese si yalilegeza bawaba za mlango, si yalimvua pete kidole kilipovimba akiwa na mimba... "Bwana Sabuni, harakisha, mgongo unaniuma!" anacheka Selestini, na Anatoli anacheka pia, lakini masikio yamemwiva, jina hilo kijiwe kizima cha teksi pale Mwanga wanamwita, tangu siku Winfrida alipoosha injini kwa maji ya sabuni gari likakataa kuwaka, na Anatoli hakumgombeza, alisema tu, "Mama Recho, nakuomba, gari usiliguse tena"... alimwomba, mtu mzima, kwa sauti ya chini... akisema sasa atamtazamaje, asiposema labda hakuna kitu, labda yamekauka, lakini hayajakauka, tone lile pale linaning'inia, jekundu, na chini yake ni uso wa Selestini, ambaye jana vidole vilipochubuka aliuficha mkono nyuma mtoto asione damu, akamwambia Recho kwa Kiha, "Mwakeye, mama," kama anamsalimia mkubwa wake... "Hiki hapa, kilikuwa kwenye kiti," anasema Anatoli, anainama kukipitisha chini, njiti zinachezacheza ndani, na Winfrida anaona aibu ni kitu kidogo kumbe, inabebeka, atalala nayo, ataamka nayo, uso uliounguzwa hauna pa kuupeleka, na anaita, "Shemeji Selestini, toka chini, nimemwaga mawese hapo, ni mimi."

Sensa ilitoka siku ya tatu, bila moto.