Konea Moja, Watu Wawili

Msusi na mdogo wake, fundi baiskeli ambaye mtaa mzima ulimwita Profesa kwa kupenda kwake maneno, walizaliwa na ugonjwa mmoja wa nadra. Konea zao, vile vioo vyembamba vya mbele ya jicho, zilikuwa na ukungu tangu siku ya kwanza. Waliiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye dirisha lenye mvuke. Dada alisuka kwa vidole. Kaka aliziba pancha kwa kusikiliza hewa inavyovuja.

Baada ya miaka mitatu ya kusubiri, hospitali ikapiga simu. Imepatikana konea moja, na inamfaa yeyote kati yao. Wakubaliane wenyewe nani atangulie.

"Nenda wewe," msusi akasema, vidole vingali kichwani mwa mteja.

"Dada, wewe ndiye mkubwa."

"Ndiyo maana nakuamuru."

"Jamani," mteja akalalama, "mimi nimesukwa upande mmoja!"

Walizozana hadi jioni.

"Kazi yangu haitaki macho," msusi akasema mwishowe. "Wewe juzi umemfungia mtu breki za mbele nyuma."

Profesa akakuna kichwa, akakubali kutangulia.

Siku ya upasuaji dada alikaa kwenye benchi la nje, akiusukasuka ukingo wa mtandio wake mpaka nesi akamhurumia, akamletea chai. Kesho yake bandeji ikafunguliwa. Profesa akageuza uso taratibu kuelekea kwa dada yake, aliyekaa kando ya kitanda.

"Unaona nini? Sema basi!"

"Nakuona wewe. Una mvi tatu hapo mbele."

"Koma!"

"Na unalia."

"Hilo nalijua."

Miezi iliyofuata, msusi alimtia mdogo wake dawa ya matone kila siku bila kukosea hata tone. Naye Profesa, kila Jumatatu, aliipigia hospitali kuulizia zamu ya dada, hadi wapokea simu wakamzoea kwa sauti.

Mwezi wa kumi, zamu ikafika. Bandeji ya msusi ilipotolewa, mwanga ulimchoma, akapepesa, akapepesa tena. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, meno yote nje. Akamtazama kuanzia nywele hadi viatu, kisha akanyoosha mkono akamwekea kola sawa.

"Yaani umepita kwa watu," akasema, "na shati umelivaa ndani nje?"