Kushuka si Kuanguka

Mume wangu hajawahi kuanguka kutoka kwenye farasi. Muulize mwenyewe. Tandiko likizunguka mpaka chini ya tumbo, naye akajikuta amekaa kwenye matope, mguu mmoja bado umenasa kwenye kikuku cha kutilia mguu, atajipangusa suruali na kukwambia, "Nimeshuka."

Alishuka hivyo langoni, akashuka tena mbele ya majirani. Mara ya mwisho alishukia nyonga. Binti yetu, ambaye ni nesi na ulimi kaurithi kwangu, akaja kutoa hukumu: baba akidondoka tena, farasi anahamia shambani kwa wazazi wa mumewe. Mzee alichechemea hadi bandani, na nilipomfuata nikamkuta ameegemeza paji la uso kwenye shingo ya Pipa. Moyo uliniuma, siwezi kudanganya.

Pipa ndilo jina la farasi, na linamfaa. Wenzake wana mabega yaliyoinuka, yanalizuia tandiko lisiende upande. Huyu wetu kaviringika kuanzia shingoni hadi mkiani, na mzee anazidi kumviringisha kwa karoti anazodhani sizioni.

Sasa, mimi kazi yangu ni kushona matandiko. Watu wanatoka mbali kuniletea yao, halafu wangu anabingirika mlangoni pangu! Mganga hajigangi, sawa, lakini hii ilikuwa aibu ya mchana kweupe. Nikamwambia amtandike Pipa mbele yangu, ingawa siku zote hataki nitie pua bandani, eti kila mtu na idara yake.

Haya. Akatandaza blanketi. Juu yake blanketi jingine. Kisha, Mungu wangu, akaleta blanketi letu la kitandani, lile la mistari nililolitafuta mpaka nikamshuku mdogo wangu. Nikamuuliza anamtandika farasi au anamlaza. Akanijibu kwa upole kwamba Pipa ana ngozi laini, hataki aumie.

Hasira ilinishika na mapenzi yakanishika, sikujua nianze na lipi. Nikamweleza kwamba kitu cha mviringo ukikirundikia vitambaa kinazidi kuwa cha mviringo, na tandiko linabaki juu kama kofia juu ya tikiti. Kwa kuwa halitulii, yeye anaukaza mkanda wa tumboni mpaka macho yanamtoka. Naye Pipa, mjanja yule, anavuta pumzi na kulijaza tumbo. Akishusha pumzi, mkanda umelegea.

Nikalibeba tandiko hadi karakana, nikaifumua mito yake ya chini na kuitenganisha zaidi ili ikumbatie mgongo mpana. Blanketi la mistari lilifuliwa likarudi kitandani, Pipa akabakiwa na kitambaa kimoja chembamba cha sufu. Mzee nikampa masharti yake: kaza kidogo, mtembeze, akishapumua kaza tena. Na kupanda ni kutoka kwenye kibao cha kukanyagia, si kuning'inia kwenye kikuku kama nguo kwenye kamba. Alinung'unika, akatii.

Jumapili binti akaja, akasimama langoni amekunja mikono. Alikuwa ameshazungumza na wakwe zake, na mzee alijua. Akamkaza Pipa, akamtembeza, akamkaza tena, akapanda. Walikwenda mpaka kwenye kona ya matope alikoshukia nyonga, wakageuka, Pipa akaanza kukimbia. Siwezi kukusimulia kilichofuata kwa sababu niliyafumba macho. Nilipoyafumbua walikuwa mbele yetu, tandiko liko katikati, halijasogea hata upana wa kidole.

Mzee akachomoa miguu kwenye vikuku, akaupitisha polepole ule wenye nyonga mbovu, akakanyaga kibao, kisha ardhi. Mkono ulienda wenyewe kupangusa suruali, ukakuta hakuna cha kupangusa. Akamtazama bintiye.

"Nimeshuka," akasema.

"Nimeona, baba."

Binti akafungua mkoba wake, akatoa karoti, akamlisha Pipa mwenyewe huku anafuta macho kwa kiwiko. Kumbe alikuja nayo tangu nyumbani. Nikajua kwa karoti za baba na za binti, kabla mwaka haujaisha nitalifumua lile tandiko upya, na wala sikununa.